Kinyozi Asiyejua Kusema Anaumwa

Mume wangu ni mstaarabu, na ustaarabu wake nusura umlemaze. Nalisema mapema ili kama kuna anayetaka kumtetea ajue kwamba hoja zake zote nimeshazisikia, na nyingi nimezisikia kutoka kwake mwenyewe.

Hapa mtaani jina lake halisi wanalijua ndugu tu. Wengine wote wanamwita Mstaarabu. Ni kinyozi. Chumba chake cha kazi kina viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa pembeni, redio isiyopandishwa sauti kamwe, na benchi la wanaosubiri. Ukiingia unaamkiwa, unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na za safari kama ulisafiri. Ukikohoa unapewa pole. Ukisinzia mashine ikipita kichwani unaachwa usinzie, na hata akimaliza atakuacha pale na taulo lako shingoni mpaka uamke mwenyewe. Nimewahi kumkuta amesimama hivyo, wateja wanne wanamsubiri, yeye ananionyesha kidole mdomoni nisipige kelele.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi upande wa pili wa barabara: misumari, rangi, mabati, saruji. Wateja wangu ni mafundi, na fundi ukimsemesha kwa upole anadhani umemuuzia kitu kibovu. Wananiita Mama Misumari, na sidhani ni kwa sababu ya bidhaa peke yake. Watu wanashangaa tulivyooana. Nawaambia alikuja kununua msumari mmoja wa kutundikia kioo, nikamfokea kwamba siuzi msumari mmoja, akaomba radhi na kununua kilo nzima. Kesho yake akarudi kuomba radhi tena. Mtu wa namna hiyo utamfukuzaje?

Ugonjwa ulianza kwenye vidole. Asubuhi namkuta amekaa ukingoni mwa kitanda anakunja na kukunjua mikono taratibu.

"Una nini, baba watoto?"

"Hamna kitu. Nimeulalia mkono."

"Mbona unakunjua yote miwili?"

Akafikiri. "Basi nimeilalia yote miwili."

Vifundo vya vidole vikavimba, vikawa na joto. Pete ikagoma kutoka. Mkasi ukaanza kumponyoka, halafu anaomba radhi kwa mteja, kwa anayesubiri kwenye benchi, na karibu auombe radhi mkasi. Jirani yetu mmoja akamwambia hiyo ni baridi yabisi, inaletwa na baridi, asiguse maji ya bomba, na akamletea glavu za sufi. Jua lilikuwa kali la kupasua kichwa. Mume wangu alivaa glavu zile wiki nzima, jasho linamtiririka mpaka kwenye viwiko, kwa sababu jirani alikuwa anapita kila siku kuangalia kama zinamfaa. "Zinanifaa sana, ahsante," anamwambia. Loo! Nilizichukua mimi nikamrudishia jirani, na sikumwambia zilimfaa.

Kituo cha afya wakatuandikia twende hospitali kubwa, kliniki ya magonjwa ya viungo. Nilitegemea korido ya giza na watu wanaougua. Kumbe ni mahali panapoonyesha kwamba aliyepapanga aliwafikiria wagonjwa. Iko chini kabisa, hupandi hata ngazi moja. Viti vya kusubiria ni virefu na vina mikono, mtu mwenye magoti mabovu aweze kujiinua. Vitasa vya milango ni vile virefu vya kusukuma, unafungua kwa kiwiko. Hata mabomba yao unayafungua kwa kuyagusa tu na ubavu wa mkono. Mimi ni mtu wa vifaa, siwezi kuona kitasa nikapita, nikakishika nikakigeuzageuza mpaka muuguzi akaniuliza kama nimetumwa kukirekebisha.

Muuguzi mwenyewe ndiye mwenye pale. Wanamwita sista mkuu, mama mnene mwenye sauti ya kutosha uwanja wa mpira, na asubuhi kabla daktari hajaanza yeye anasimama katikati ya watu na kuwapa somo. Nikampenda saa ile ile. Alisema baridi yabisi haiji kwa maji baridi wala upepo, kwa hiyo tuache kuwavalisha watu makoti. Alisema ni askari wa mwili wenyewe, wale wanaotulinda na magonjwa, wamechanganyikiwa na wanapiga viungo vya mwenye mwili. Dawa zipo, na zinawatuliza. Vile vidonge vya mara moja kwa wiki ni mara moja kwa wiki kweli, uchague siku yako na uishike, asije mtu akavimeza kila siku akatuletea msiba. Na jambo la mwisho alilisema polepole, akatuangalia mmoja mmoja.

"Kiungo kikishaliwa hakioti tena. Tunaweza kuzima moto, hatuwezi kurudisha kilichoungua. Kwa hiyo mkiumwa, semeni. Msituonee haya."

Watu wakaitikia. Mume wangu aliitikia kuliko wote.

Halafu akaingia kwa daktari. Aliomba nimsubiri nje, lakini mlango wao haufungi vizuri, bawaba ya juu imelegea, na mimi sijaumbwa bila masikio. Safari ya kwanza mambo yalikwenda sawa, mikono ilikuwa imevimba waziwazi, akapimwa damu, akapigwa picha, akaanzishiwa vile vidonge vya wiki. Vikamsaidia mwanzoni. Baada ya miezi michache vikaacha kusaidia. Na hapo ndipo ustaarabu ulipoingia kazini, maana kila tukirudi mazungumzo yalikuwa haya haya.

"Habari za tangu tulipoonana, mzee?"

"Nzuri, daktari. Za kwako?"

"Nzuri. Mikono haijambo?"

"Haijambo, tunashukuru."

"Asubuhi inakaza?"

"Kidogo tu, ile ya kawaida."

"Hapa nikibonyeza panauma?"

"Hapana neno, daktari. Mama yako aliyekuwa anaumwa mgongo anaendeleaje?"

Daktari naye, kijana wa watu mwenye ndevu nzuri na adabu zake, anaeleza habari za mgongo wa mama yake, mume wangu anampa pole, wanaagana kama watu waliotoka kula pamoja. Damu nayo ilikuwa ya kistaarabu kama mwenye damu, ikipimwa haionyeshi makubwa. Sista mkuu alishatuambia kwamba kuna watu wa hivyo, viungo vinawaka huku damu imekaa kimya.

Na mtu aliyekuwa anaingia kwa daktari hakuwa yule niliyeamka naye. Miadi yetu, baada ya ile ya kwanza, siku zote ilikuwa mchana, na mchana mikono inakuwa imeshalegea. Kabla ya kutoka alikuwa anailoweka kwenye beseni la maji ya moto, anameza vidonge viwili vya maumivu, halafu mimi namvalisha. Ndiyo, namvalisha. Vifungo nafunga mimi, kamba za viatu nafunga mimi, dawa ya meno nakamua mimi. Hata ndevu namnyoa mimi, kinyozi mzima, anakaa kwenye kigoda jikoni na mimi nimeshika mashine kama ninavyoshika brashi ya rangi. Akitoka hapo amenyooka, shati limepigwa pasi, kidevu kinang'aa. Nani atasema huyu anaumwa?

Kazini alikuwa anasukuma mashine kwa kiganja. Mkasi haushiki tena, anawaambia wateja umepelekwa kunolewa. Mkasi gani unanolewa miezi mitatu? Wateja wakaanza kupungua mmoja mmoja, maana wao pia ni wastaarabu, hawamwambii kitu. Nilikuwa nikitazama ng'ambo naona benchi lina nafasi, naye amesimama mlangoni ameficha mikono nyuma, anawaamkia wapita njia. Na kidole chake kidogo cha kulia kilianza kulala upande. Nilikiona siku moja akiwa amelala. Nilikaa nikakitazama muda mrefu, na niseme ukweli, niliogopa.

Siku moja akatoka kwa daktari anatabasamu kama mtoto aliyeshinda mtihani.

"Daktari amefurahi sana," akaniambia. "Anasema nikiendelea hivi, safari ijayo atanipunguzia dawa, kisha nihamie kituo cha afya cha kwetu. Kwake nitarudi baada ya mwaka."

"Mwaka? Umemwambia kwamba huwezi kufunga kifungo?"

"Hakuniuliza vifungo."

"Umemwambia kuhusu mkasi?"

"Alikuwa amefurahi, mke wangu. Sikutaka kumkatisha tamaa."

Jamani! Nilikaa kwenye kile kiti chao kirefu nikashika mikono yake yote miwili. Mwaka mzima, dawa ikipunguzwa, vidole vikiliwa, ili daktari asikatishwe tamaa! Watu wakageuka kutuangalia, naye akawaamkia.

Safari iliyofuata, ile ya kupunguziwa dawa, kliniki ilitupangia asubuhi, wa kwanza kabisa. Nilikuwa nimeshakata shauri. Alfajiri, maji yanachemka jikoni, shati lake liko mkononi mwangu, nikamwambia, "Leo naingia na wewe, na nasema mimi."

Akakaa kitandani. "Usinivunjie heshima, mke wangu."

"Heshima gani? Mtu amekuuliza!"

"Hajaniuliza. Ameniamkia. Mtu anakuamkia vizuri, wewe unamjibu kwa malalamiko? Nitakuwa mtu wa namna gani?"

"Utakuwa mtu mwenye vidole!"

"Ukisema," akaniambia kwa upole ule ule unaonichemsha damu, "itabidi nimwambie kwamba unatia chumvi kidogo. Kwa nia njema."

Na angesema hivyo, namjua. Angesema na daktari angemwamini, maana mbele ya daktari angekaa mtu aliyenyooka, na pembeni yake mwanamke anayepiga kelele. Nilimwangalia, nikaliangalia lile shati. Hasira ikapanda mpaka utosini. Nikalitupa shati kitandani.

"Haya, Mstaarabu. Kama haijambo, jivalishe! Maji ya moto hakuna. Vifungo sifungi. Kamba sifungi. Ndevu sinyoi. Nakusubiri nje."

Akacheka, alidhani utani. Mimi nikaenda zangu jikoni nikazima jiko.

Sijui kama mnajua sauti ya mtu anayeshindwa kifungo. Haina kishindo. Ni pumzi tu, inavutwa, inashikwa, inaachiwa. Halafu kiatu kikaanguka. Kikaanguka tena. Nilikuwa nimesimama na kitambaa cha vyombo nimekiuma kwa meno ili miguu yangu isinipeleke chumbani. Mara mbili nilifika mlangoni. Mara mbili nikarudi. Nikajiambia nikiingia sasa nimemfungia kifungo kimoja na nimempotezea mkono mzima.

Alipotoka, shati lilikuwa na kifungo kimoja tu, na hicho kiko kwenye tundu la jirani yake, kwa hiyo upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka na kitovu kinachungulia katikati. Kamba za viatu alikuwa amezisokomeza ndani. Ndevu za siku kadhaa zimesimama. Akanifungulia geti kwa kiwiko, akanipisha nitangulie, na akasema ahsante kwa kumsubiri. Ningependa sana anitukane asubuhi ile.

Barabarani watu wakatoa macho.

"Mstaarabu! Vipi leo?"

"Salama kabisa!" Kitovu kikawaitikia nacho.

Fundi bomba mmoja, mteja wangu, akaja mpaka karibu akaninong'oneza kama tumeibiwa. Nikamkata jicho akarudi kwenye mabomba yake. Ndani ya gari mume wangu alikaa mbele ya msichana mmoja wa shule, akawa anashikilia shati kwa kiganja njia nzima, na anaongea naye habari za masomo.

Kliniki, sista mkuu alikuwa mlangoni anapanga watu. Akamtazama mume wangu kuanzia juu mpaka chini. Kisha akanitazama mimi. Mimi nikafunga mdomo, na hiyo naomba ihesabiwe, kwa sababu kilichokuwa kimejaa kifuani mwangu kingetosha kuezua paa.

"Baba, leo umevamiwa?"

"Hapana, sista, ni haraka tu za asubuhi. Habari za kazi?"

Hakujibu. Ndiyo mara ya kwanza kumwona mtu anamnyima mume wangu jibu la salamu. Akamsogeza kwenye kiti, akainama mbele yake, akashika upande wa shati.

"Nifungie kifungo hiki, nikuone."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Akaanza. Alikuwa anatabasamu. Akakishika, kikateleza. Akakishika tena kwa vidole vya pembeni, akakisukuma kwa kiganja, kikafika mdomoni mwa tundu na kurudi. Akamwambia sista kwamba shati hili ni jipya, matundu yamebana. Sista akasema tuna muda. Watu kwenye viti wakaacha mazungumzo yao. Bibi mmoja aliyekuwa na mikono iliyopinda tayari akawa anasukuma hewa kwa vidole vyake, kama anamsaidia. Jasho likamtoka mume wangu kwenye paji la uso. Tabasamu likabaki, likabaki, halafu nikaliona linaondoka usoni mwake polepole mpaka likaisha.

"Sista," akasema, "hakifungi."

"Tangu lini?"

"Miezi." Akaliachia shati. "Vinauma, sista. Vinauma sana. Mke wangu ndiye ananivalisha."

Nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya watu, mimi Mama Misumari ambaye mafundi wananiogopa. Na yeye, badala ya kujilia mwenyewe, akageuka kunipa pole.

Sista alimwingiza kwa daktari yeye mwenyewe, na safari hii akaniita na mimi. Sijui alimnong'oneza nini daktari, lakini daktari hakuuliza habari. Alivuta kiti karibu, akachukua mkono wa kulia, akabonyeza kiungo kimoja kimoja, na macho yake hayakuwa kwenye mkono, yalikuwa kwenye uso wa mume wangu. Kila uso ulipokunjamana akatulia hapo. Akamuuliza anachukua muda gani kunawa, nani anafungua mfuniko wa chupa, anashikaje mashine ya kunyolea, mkasi bado anautumia? Maswali yale hayana "nzuri" ya kuyajibia. Nikajionea mume wangu anatafuta pa kupitia, hakuna, na analazimika kusema ukweli.

Wakampeleka chumba cha pili, wakampaka kitu cha baridi kwenye vifundo, wakapitisha kile kifaa cha ultrasaundi wanachowapimia wajawazito. Mume wangu akauliza kama mtoto hajambo. Daktari akacheka, kisha akatugeuzia kioo cha kile kifaa. Kila kiungo kilikuwa na wekundu unaometameta kama kaa lililopulizwa. Akaacha kucheka.

"Mzee, hii mikono inaungua. Na mimi leo nilikuwa nakupunguzia dawa." Akavua miwani. "Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza habari, daktari."

Nikangoja daktari aje juu. Badala yake akajipiga kwenye paji la uso.

"Kweli. Ningeamkiwa mimi ningejibu hivyo hivyo." Kisha akatuambia ilivyo, bila kupamba. Kiungo kimoja, cha kile kidole kilicholala, kimeanza kuliwa, na hicho hakitarudi kama zamani. Vingine bado. "Bado," akarudia, akimwangalia yeye. "Ungekuja baada ya mwaka nisingesema hivyo."

Mume wangu akauliza swali ambalo kumbe ndilo alilolibeba muda wote. Alilisema chini chini, anaangalia sakafu.

"Utaniambia niache kunyoa?"

"Nani kakwambia? Nataka unyoe mpaka uchoke. Kazi yangu ni mikono yako ifanye kazi."

Hapo ndipo nikajua kwamba haikuwa adabu tupu. Kulikuwa na woga chini yake, wa kusikia neno moja likifunga kile chumba cha kioo chenye ufa. Nikataka kumchapa na nikataka kumkumbatia. Nikamfungia vifungo vya shati, vyote, pale pale mbele ya daktari.

Akachomwa sindano ya kutuliza moto siku hiyo hiyo. Dawa nyingine mpya ikapangwa, ya kujidunga tumboni, lakini kwanza kifua kikapigwa picha kuhakikisha hakuna kifua kikuu kilichojificha, maana dawa ile inawapunguza nguvu askari wote, wabaya na wazuri. Sista alimfundisha kujidunga kwa kutumia chungwa, na mume wangu aliliambia chungwa pole. Kisha tukapelekwa kwa dada wa mazoezi ya mikono, mtu mwembamba asiye na maneno, ana sufuria la nta ya uvuguvugu ambamo unachovya mikono mpaka inavaa glavu nyeupe. Mume wangu alifumba macho mikono ikiwa mle, nikajua vile vidole havijapumzika siku nyingi. Yule dada akamwambia alete vifaa vyake vya kazi. Akauvika mkasi matundu makubwa yenye sponji, akaizungushia mashine mpini mnene, akamtengenezea bamba laini la kufunga mkononi usiku. Mimi nilileta gundi nzuri kutoka dukani, ile aliyokuwa nayo haifai kubandika hata bahasha.

Lakini kazi kubwa ilibaki kwa sista. Alimpa namba ya simu ya kliniki na sheria: viungo vikiwaka, piga siku hiyo hiyo, usingoje miadi. Halafu akamfanyisha mazoezi.

"Nikikuuliza mikono ikoje, na inauma, unasemaje?"

"Nasema... si nzuri sana."

"Toa 'sana'."

"Si nzuri, lakini tunashukuru."

"Toa shukrani!"

"Sista, bila shukrani siwezi."

Wakakubaliana shukrani ibaki mwisho, baada ya maumivu. Chumba kizima kilivunjika mbavu.

Dawa mpya haikufanya miujiza ya siku moja. Ilikuja polepole, wiki baada ya wiki. Asubuhi moja nikasikia bomba la chumba cha kuogea limefunguliwa, na si mimi niliyelifungua. Siku nyingine nikakuta amejinyoa, na kidevu chake kimenyolewa vizuri kuliko nilivyowahi kukinyoa mimi, akaniomba radhi kwa hilo. Mkasi ukarudi kutoka huko ulikokuwa unanolewa. Wateja wakarudi nao, mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake. Kuna siku mbaya bado, sitawadanganya. Mikono inaamka imekasirika bila sababu, inakaa hivyo siku mbili tatu, inatulia.

Sasa Jumamosi moja mchana, benchi limejaa, nikavuka barabara kumpelekea chai. Nikamkuta daktari. Kumbe siku nyingi alikuwa ameahidi atakuja kuona mkasi wenye sponji ukifanya kazi, na leo amekuja kweli, amevaa nguo za nyumbani, na habari zimeshazunguka benchi lote kwamba huyu ndiye daktari wa Mstaarabu. Akakaa kwenye kiti, akaegemeza kichwa nyuma.

"Mzee, leo nitolee ndevu zote. Kwa wembe. Nimekuamini."

Benchi likavimba kwa fahari. Hakuna aliyetaka kupitwa, kinyozi wetu anamnyoa daktari wake shingoni. Mume wangu akamvika taulo, akampaka povu mpaka masikioni, akaweka wembe mpya. Akaunyanyua.

Nikamwona usoni. Nimeishi na uso ule, najua kila kona yake. Nikajua mkono umeamka vibaya, na nikajua wateja wote wanamtazama, na daktari amelala pale anasubiri kuona kazi yake ilivyofaulu. Niliushika mlango kwa nguvu.

Akaushusha wembe mezani.

"Daktari, samahani. Leo wembe hapana. Mkono wa kulia umeamka vibaya, sitakugusa nao. Nitakutolea kwa mashine."

Mtu mmoja kwenye benchi akakohoa, na hakupewa pole. Daktari akafumbua jicho moja katikati ya povu.

"Umepiga simu?"

"Jana asubuhi. Sista amenipangia Jumatatu."

"Lete mkono."

Akampa. Na daktari, amelala vile vile, taulo shingoni, povu linamdondokea kifuani, akaanza kubonyeza kiungo kimoja kimoja mbele ya watu wote.

"Hapa?"

"Hapo panauma."

"Hapa?"

"Hapo hapana."

"Na hapa?"

"Hapo sana, daktari. Hapo tangu jana, na usiku sikulala. Tunashukuru."

Chai ilikuwa inapoa mkononi mwangu. Nilisimama mlangoni namsikiliza mume wangu analalamika, kiungo baada ya kiungo, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na sijawahi kumpenda kama nilivyompenda siku ile.